Ainisho la Wapanga-Kozi: Utafiti wa Awali Kuhusu Shahada ya Biashara ya Kimataifa Isiyovuka Mpaka

Wataalamu wa wadudu wameainisha mende hadi wakachoka, na wataalamu wa sarufi wameainisha nomino hadi ngeli zikazua magomvi yake, lakini mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya biashara ya kimataifa, pale anapochagua kozi za muhula, hajaainishwa na mtu. Pengo hili halina udhuru, kwa kuwa kiumbe mwenyewe hapatikani kwa tabu. Wiki za mwanzo wa muhula, kabla mfumo wa usajili haujafungwa (na katika saa zile chache ambazo haujagoma), anaonekana kwa wingi kwenye vimbweta vya Mlimani na kwenye korido za vyuo vya biashara vya katikati ya Dar es Salaam, simu mkononi, akimuuliza kila anayepita swali moja: "Hii kozi ikoje?" Msomaji makini atagundua kwamba haulizi kozi inahusu nini.

Mbinu ya utafiti ilikuwa kukaa karibu na kusikiliza. Sampuli ilikuwa ya makusudi, yaani wale waliokaa kivulini. Maadili ya utafiti yalizingatiwa kwa kutoandika jina la mtu, nao watafitiwa wakayazingatia kwa kuagiza soda kwa gharama ya mtafiti.

Kwanza mazingira anamoishi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mhadhara, semina, kusoma peke yake, kuandika, vyote ndani. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 basi, na shahada nzima ni saa 3,600. Kwenye karatasi. Nyingi ya saa hizo zimeshikwa na kozi za lazima, na huko hakuna cha kuainisha, maana mtu aliyefungwa kamba huwezi kumsifu kwa kutulia. Uwanja wetu ni kozi za hiari. Hapo ndipo anapoachwa huru na tabia yake halisi ikaonekana.

Kundi la kwanza ni Wapanga-Saa. Hawa husoma ratiba kabla ya kusoma jina la kozi. Kozi ya saa moja asubuhi kwao ni haramu, na ya Ijumaa mchana ni makruhu. Ukiwachunguza kwa karibu utakuta jamii mbili zisizo na undugu wowote. Jamii ya kwanza inalala. Jamii ya pili inakaa Chanika au Kibaha, imeamka saa kumi usiku, imesimama kwenye daladala njia nzima, na mtafiti hana la kuicheka.

Kundi la pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni Wapokezi. Hawa hawachagui kozi, wanachagua mhadhiri, na wanamchagua kwa riwaya. Riwaya zina isnadi yake: fulani wa mwaka wa pili amepokea kutoka kwa fulani wa mwaka wa tatu, naye amepokea kutoka kwa kaka yake aliyekwishamaliza, kwamba mzee wa kozi ile "anabana" na mama wa kozi hii "anamwaga A". Elimu ya kutenganisha riwaya sahihi na dhaifu ipo, tena ni ya hali ya juu. Msimulizi aliyepigwa sapu hapokelewi ushahidi wake dhidi ya mhadhiri, kwa kuwa ana kinyongo. Aliyepata A hapokelewi vilevile, kwa kuwa huenda alisoma. Mwaminifu ni mwenye B, aliyehudhuria nusu ya vipindi na hana deni na mtu. Udhaifu wa elimu hii ni mmoja tu: mara nyingi mhadhiri anayesimuliwa alishakwenda masomoni zamani, na kozi inafundishwa na mtu ambaye bado hajapata msimulizi.

Kundi la tatu ni Wafuata-Kundi, na hawa tayari wana nadharia yao ingawa haikuandikwa kwa ajili yao. Mwaka 1977 wanazuoni wawili wa Sweden, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, walieleza namna kampuni za kwao zilivyotoka kwenda nje. Hazikurukia mbali. Zilianza na nchi za jirani, zenye lugha na desturi za kufanana, zikajifunza, kisha zikasogea hatua nyingine. Ndipo wakazungumzia umbali wa kisaikolojia. Mwanafunzi wetu naye mwaka wa kwanza huchagua kozi ya mwenzake wa chumba kimoja, mwaka wa pili ya rafiki wa huyo mwenzake. Tofauti ni kwamba kampuni za Sweden hatimaye zilifika mbali. Yeye huishia Norwei.

Kundi la nne huchagua kozi yoyote yenye neno "mikakati". Hawadumu, wala aya hii haidumu.

Kundi la tano ni Wapangiwa, ambao kozi zao zimechaguliwa na mjomba mwenye mtu wake bandarini. Kundi la sita halipangi kabisa: linaingia kwenye mfumo usiku wa mwisho, dakika chache kabla ya kufungwa, na kusajiliwa katika zile kozi ambazo bado zina nafasi. Hapa utafiti ulikutana na jambo lisilotarajiwa. Ukiwapima kwa wanachokijua kuhusu biashara ya kuvuka mipaka, hawa wa usiku wa mwisho ndio wanaowapita wengi. Kilichobaki kwenye mfumo ni kile ambacho wenzao wote walikikimbia.

Kwa nini walikikimbia? Inabidi tupige hesabu, na namwomba msomaji asiiruke aya hii. Katika vyuo vyetu vingi A huanzia alama 70 na hubeba pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa krediti zote. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Na kwa kawaida wastani huo hukatwa kwenye desimali moja: mwenye 4.39 ana 4.3, akalalamike anakotaka. Sasa mchukue mwanafunzi anayeelekea kwenye 4.1 na anayetamani daraja la kwanza. Akiikimbia kozi moja ya krediti 12 ambayo angepata B, akachukua nyingine atakayopata A, anajiongezea pointi 24 za kugawanywa kwa 360, ambazo hazifiki hata 0.07. Hazimtoi alipo. Lazima akimbie tano. Tano zinampa 0.33, wastani unafika 4.43, unakatwa kuwa 4.4, na siku ya mahafali mama anapiga vigelegele.

Swali la kisayansi ni: tano zipi? Mipango niliyoonyeshwa pale kivulini ilikuwa ya watu tofauti, wa vyuo tofauti, waliokwenda mbio kwa njia tofauti, lakini waliyoyakimbia yalikuwa yaleyale. Sheria ya usafirishaji wa bidhaa baharini. Nyaraka za kuagiza na kusafirisha mizigo. Fedha za kigeni, hasa ile sehemu ya kujikinga na kupanda na kushuka kwa thamani yake. Ekonometriki. Lugha ya kigeni. Na walikokimbilia kulikuwa kumoja: tabia za wafanyakazi, misingi ya uongozi, utangulizi wa hiki na utangulizi wa kile. Ziondoe hizo tano kwenye shahada ya biashara ya kimataifa, unabaki na shahada nzuri tu ya kuendesha duka la Sinza.

Na kabla hatujamrushia mawe, tukumbuke kwamba hesabu yake haina kosa. Yapo matangazo ya kazi yanayotaka wastani usiopungua 3.5. Vyuo vikitafuta wahadhiri wasaidizi huulizia 3.8. Sijawahi kuona tangazo linalomtafuta mtu aliyepata B ya sheria ya bahari. Mwanafunzi amepewa mtihani wa kupanga kozi, na katika mtihani huo amepata A.

Lugha ndiyo inayokimbiwa kwa kasi kuliko zote. Udhuru unaotolewa hadharani ni kwamba Mkongo anajua Kiswahili na Mchina ana kalkuleta. Hoja zote mbili ni kweli nusu. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anaweza kuingia Kariakoo na kuelewana na mwenye duka bila mkalimani, sawa. Lakini mzigo wake ukishatoka Dar, ukapita Tunduma, ukaikata Zambia hadi Kasumbalesa, karatasi zinazousubiri upande wa pili ni za Kifaransa, na afisa anayezisoma hana haraka. Ni kweli pia kwamba mama wa Kariakoo hununua mzigo Guangzhou kwa kuandika bei kwenye kalkuleta, mwenye duka anaifuta na kuandika yake, mpaka wanakutana. Kalkuleta inajua bei. Haijui kusema kwamba zipu za mzigo uliopita zote zilikatika ndani ya wiki. Na hoja ya kukosa mahali pa kujifunzia haisimami, maana Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Konfusio tangu 2005 na cha Dar es Salaam tangu 2013.

Sababu yenyewe haisemwi hadharani: lugha haidesiki. Huwezi kuimeza usiku wa kuamkia mtihani. Inakutaka uje kila kipindi, ufungue mdomo mbele ya watu, ukosee, ucheke au uchekwe, na wiki ijayo uje tena. Ninapendekeza kwa wanazuoni Kanuni ya Usiku Mbili: mahitaji ya kozi ya hiari hushuka kadiri muda wa kuisoma unavyozidi usiku mbili. Kwa kanuni hiyohiyo tunaelewa kwa nini kozi ya tofauti za utamaduni katika biashara hujaa hadi watu wakasimama madirishani. Inamezeka. Humo mwanafunzi hujifunza kwamba Geert Hofstede alichambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa IBM, na kwamba katika majedwali yake Tanzania, Kenya, Zambia na Ethiopia zimetiwa kapu moja linaloitwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo Mkenya na Mtanzania, ambao hata kuagiza chai mgahawani hawaagizi kwa namna moja, wana alama zilezile za umbali wa mamlaka. Mwanafunzi wetu anaziandika, anapata A, na akitumwa Guangzhou hawezi kuuliza choo kiko wapi.

Kozi zinazokimbiliwa zina sifa nyingine ya kuzitambulisha: sehemu kubwa ya zile alama 40 za kabla ya mtihani hutokana na kazi za grupu. Na ni katika kazi ya grupu, nje kabisa ya mtaala, ndipo biashara ya kimataifa inapofanyika kikamilifu.

Kila grupu lina Ureno yake. Wasomaji watakumbuka mfano wa David Ricardo wa mwaka 1817: Ureno ilihitaji watu 80 kutengeneza mvinyo ambao Uingereza ingehitaji watu 120, na watu 90 kufuma kitambaa ambacho Uingereza ingehitaji 100. Ureno inashinda kote kuwili. Hata hivyo, akasema Ricardo, afadhali Ureno ishike mvinyo na kuiachia Uingereza kitambaa, na kila mmoja atafaidika. Hiyo ndiyo faida linganishi. Katika grupu, Ureno ni yule anayejua kuandika, kupiga hesabu na hata kupanga slaidi. Waliobaki wote ni Uingereza. Mgawanyo wa kazi unafanywa kwa uangalifu: mmoja anatafuta jina la grupu, mmoja anakwenda steshenari, mwenye sauti nzito anasoma mbele ya darasa. Nadharia inayumba mahali pamoja. Ricardo alichukulia kwamba Uingereza, ikiachiwa kitambaa, itafuma.

Hapo linazuka suala la hatari, na ndiyo maana Chemba ya Kimataifa ya Biashara, yenye makao Paris, ilitoa masharti ya Incoterms mwaka 1936. Toleo la sasa, la 2020, lina masharti 11, na kila moja linajibu maswali mawili ambayo mtu asiyejua huyachanganya: nani analipa gharama hadi wapi, na hatari inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi mahali gani. Nimeyajaribu kwenye kazi za grupu na yanafanya kazi vizuri kuliko bandarini.

EXW ni mwanafunzi anayesema, "Sehemu yangu tayari, iko kwenye laptopu getoni, njooni mchukue." Wajibu wake umeishia mlangoni. FOB ni yule anayewajibika hadi faili lipakiwe kwenye WhatsApp ya grupu. Tiki mbili zikitokea, hatari imehama, na kama Uingereza haikufungua faili hilo shauri lake. CIF ndiyo inayoleta ugomvi. Huyu analipia hadi mwisho, kuchapisha, kubana, kava la plastiki, kila kitu kwa pesa yake, na kwa hiyo wenzake wanadhani hatari pia ni yake hadi kazi ifike mezani kwa mhadhiri. Sivyo. Katika CIF gharama husafiri hadi bandari ya kushukia, lakini hatari huhamia kwa mnunuzi tangu mzigo unapopakiwa melini. Kazi ikigundulika kuwa imenakiliwa, hasara ni ya grupu zima, kava au hakuna kava. Muuzaji anatakiwa kuwakatia bima, ni kweli, ila kwa masharti ya 2020 bima ya CIF inaweza kuwa ya kiwango cha chini kabisa, ambacho katika mazingira yetu ni kumwambia mhadhiri, "Samahani mwalimu, tulisoma chanzo kimoja." DDP ni Ureno mwenyewe mwishoni mwa muhula: ameandika, amechapisha, amepeleka ofisini, na amejaza majina ya wote, pamoja na la yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona. DPU, sharti pekee linalomtaka muuzaji ashushe mzigo baada ya kuufikisha, sikuipata popote. Hakuna aliyemaliza kazi kisha akakaa kuwaeleza wenzake ilihusu nini.

Neno fupi kuhusu madesa. Raymond Vernon, mwaka 1966, alisema bidhaa ina mzunguko wa maisha: huzaliwa mahali pamoja, hukomaa, kisha hutengenezwa kila mahali kwa bei ndogo. Desa huzaliwa kwenye daftari la msichana mmoja anayekaa mbele, hukomaa steshenari kwa kutolewa fotokopi, na huzeeka likiwa PDF linalozunguka kwenye simu za watu ambao hawamjui msichana yule. Vernon hakusema bidhaa ikizeeka sana inakuwaje, lakini desa la mtangamano wa kikanda linatuonyesha. Humo bado Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano. Sudan Kusini ilijiunga 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, na desa halina habari. Humo pia ushuru wa pamoja wa forodha bado una viwango vitatu, 0, 10 na 25 kwa mia, ingawa tangu Julai 2022 kuna cha nne cha 35. Mwagizaji wa fanicha za nje aliyepiga hesabu ya bei kwa kutumia desa hili angetambua tofauti dirishani, si darasani.

Ipo spishi adimu ambayo sijaipa jina. Huyu anapanga kozi kwa kuanzia kwenye kontena na kurudi nyuma. Mara nyingi nyumbani kwao kuna duka, na Jumamosi amekaa kaunta na kusikia watu wazima wakibishana kuhusu mzigo uliokwama, kodi ya kontena inayohesabiwa kwa siku, dola iliyopanda kati ya kuagiza na kulipa. Kozi zile tano anazichukua zote. Anauliza maswali yanayowachosha wenzake, anapata B tatu na B+ mbili, na wastani wake unakatwa kuwa 3.9. Watafitiwa wa kundi la Wapokezi walinieleza kwamba ni mtu mwenye akili ila hajui kupanga.

Mwisho huja mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, na Johanson na Vahlne wanarudi tena: biashara ya kimataifa huenda kufanyiwa mazoezi kwenye idara ya uhasibu ya halmashauri ya nyumbani, kwa kuwa huko kuna pa kulala na chakula cha jioni. Wachache tu hupangiwa kwa wakala wa forodha. Mmoja wao, mwenye matumaini yote ya 4.4, ameripoti asubuhi kwenye ofisi ya ghorofani kule Kurasini, shati limenyooshwa, na mzee wa ofisi, akiwa bado hajamaliza chai, amemsogezea faili.

"Mzigo huu umeuzwa CIF Dar es Salaam, mwanangu. Umelowa njiani, kabla meli haijafika Colombo. Hasara ya nani?"

"Ya muuzaji, mzee. Si ndiye aliyelipia mpaka Dar?"

Mzee amekunywa funda moja. "Mteja yuko hapo nje kwenye benchi. Nenda kamwambie."